Rolba ya gari la mbio la kujiundia: anza na kichwa, kisha nyayo

Gari la kujiundia la mtindo wa Lotus Seven, lile gari dogo la wazi alilolitoa Colin Chapman mwaka 1957 na ambalo watu wanaliiga mpaka leo, mara nyingi huja na rolba fupi. Rolba, kwa asiyeijua, ni ule upinde wa bomba la chuma ulio nyuma ya viti, unaotakiwa kulibeba gari likipinduka miguu juu. Ukikaa kichwa wazi unaona upinde umekupita kidogo, unaridhika. Sasa vaa helmeti, kazwa mikanda, nyoosha mgongo: helmeti imeupita upinde. Gari likipinduka hivyo, kinachogusa ardhi kwanza ni kichwa chako, na upinde umebaki kuwa pambo.

Hapa Malindi tuna faida moja na hasara moja katika kazi hii. Faida ni mafundi. Mji umezoea bagi za ufukweni, vile vigari vyepesi vya mchangani, na wachomeleaji wa jua kali kuanzia Maweni hadi Barani wana mkono mzuri wa mabomba. Hasara ni kwamba rolba hukaguliwa kama geti: fundi anaishika, anaitikisa, haitikisiki, basi. "Hii hata lori haliivunji, bosi." Lakini rolba haishindwi pale ulipoitikisa. Hushindwa kwenye unyayo, mahali ambapo bomba nene linakutana na chesisi nyembamba. Au inasimama imara kabisa huku kichwa kikiwa kimeshafika chini. Unene wa bomba, ambao ndio watu hubishania barazani, ni jambo la tatu.

Pima mtu, usipime gari

Kabla ya kukata chuma chochote, mkalishe dereva mwenyewe kwenye kiti chenyewe, na viatu, helmeti na mikanda iliyokazwa kama siku ya mbio. Gari likiwa la watu wawili wanaopokezana, mpime yule mrefu wa kiwiliwili. Kuna watu wafupi wakisimama ambao wakikaa wanawapita warefu.

Chukua bomba la alumini lililonyooka, la mita 2. Ncha moja ilaze juu ya upinde, nyingine mbele, juu ya sehemu ya chesisi ambayo kweli inaweza kubeba gari, yaani fremu ya chuma iliyo chini ya dashibodi. Boneti ya faibaglasi haihesabiwi, wala kioo cha mbele. Vyote viwili vitakuwa vimeshaondoka. Helmeti inatakiwa ikae chini ya mstari huo kwa milimita 50 angalau, kipimo ambacho waandaaji wengi wa mbio za magari ya wazi hukitumia.

Mimi ningedai 75 hadi 100. Kwanza, mikanda hutanuka. Gari likiwa miguu juu, mwili unaning'inia, sponji ya kiti iliyokuwa imekandamizwa inafumuka, na kichwa kinasogea kuelekea ardhini kwa kiasi ambacho hukukiona wakati wa kupima. Pili ni ardhi yetu. Zile milimita 50 zinadhania ardhi ngumu, na huku gari litachezeshwa zaidi kwenye maramu na mchanga. Upinde mwembamba ukitua kwenye mchanga unazama, na kila sentimita inayozama inakatwa kwenye nafasi ya kichwa.

Jambo hili liliwahi kuonekana mbele ya dunia nzima. Tarehe 3 Julai 2022, kwenye Grand Prix ya Uingereza pale Silverstone, gari la Alfa Romeo la Zhou Guanyu lilipinduka mbio zilipoanza tu. Rolba yake ilivunjika, gari likateleza miguu juu hadi kwenye changarawe, likaruka juu ya matairi ya kizuizi. Aliokolewa na halo, ule upinde wa mbele ya dereva. Kwa msimu wa 2023 FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, ilidai kilele cha rolba kiwe cha mviringo ili kisichimbe ardhi, na ikaongeza jaribio la kuisukuma kwenda mbele. Ikiwa rolba ya Formula 1 inaweza kushindwa hivyo, kile kijipinde kilichochongoka nyuma ya kiti cha dereva peke yake kwenye gari la kujiundia kitafanya kazi ya jembe. Weka upinde wa upana wote wa gari, unaopita mabega ya watu wote wawili, na kilele chake kiwe kimenyooka.

Ila kabla ya kuinua chuma, mshushe mtu. Reli za kusogezea kiti mara nyingi hula milimita 25 hadi 30. Zing'oe, kiti kifungwe moja kwa moja sakafuni juu ya pleti za chuma, kwa sababu sakafu ya bati la alumini peke yake itaachia bolti. Sponji nene ya kukalia badilisha na nyembamba ngumu. Ukipata milimita 40 bila kuongeza hata gramu moja juu ya gari, hiyo ni faida mara mbili, maana uzito wa juu ndio unaosaidia gari kupinduka.

Ikiwa bado haitoshi, tengeneza upinde mpya. Usikate miguu ya ule wa zamani ukaunga vipande kwa bomba la ndani, wala usichomelee pembe juu yake. Kanuni za FIA zinataka upinde mkuu uwe bomba moja lisilo na kiungo. Sababu yake si ukaidi wa wazungu wa karatasi: upinde ukisukumwa, karibu na unyayo ndipo mguu unapokunjwa kwa nguvu kubwa, na hapo hapo ndipo kiungo chako kingekaa.

Bomba la maji si bomba la rolba

Swali linalorudi kila mara ni hili: "Fundi, hili la maji si nene zaidi?" Ni nene zaidi, kweli. Bomba la maji la inchi moja na nusu, daraja la kati, lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na ukuta wa 3.2. Kifungu 253 cha Kiambatisho J cha FIA kinaridhika na 45 kwa 2.5, au 50 kwa 2.0, kwa upinde mkuu, na 38 kwa 2.5 au 40 kwa 2.0 kwa mabomba mengine. Lakini kifungu hicho hicho kinadai bomba lisilo na mshono, lililovutwa likiwa baridi, bila moto, la chuma chenye kaboni isiyozidi asilimia 0.3. La maji kwa kawaida lina mshono, na chuma chake ni laini.

Hesabu yake inafaa kufanywa mara moja ili ubishi uishe. Chuma cha kawaida cha bomba la maji, S195T, huanza kujikunja kwa kudumu kwenye megapaskali 195. Chuma cha E355, ambacho wauzaji wa mabomba ya silinda za haidroliki hukiita pia ST52, huanza kwenye 355. Ukizidisha kwa umbo la kila bomba, la maji linasalimu amri kwenye takriban Nm 930 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukunja), na la E355 la 45 kwa 2.5 kwenye takriban Nm 1,190. Uzito sasa: la maji kilo 3.6 kwa mita, la E355 kilo 2.6. Umebeba zaidi ya theluthi ya uzito wa ziada, juu ya gari, ukanunua nacho udhaifu.

Halafu kuna zinki. Bomba la mabati likichomelewa hutoa moshi mweupe unaoleta homa na kutetemeka jioni yake, na weldi yenyewe hujaa vitundu. Maziwa ambayo mafundi hunywa kabla ya kazi ni chakula kizuri, lakini hayaendi mapafuni.

Mombasa utapata pia bomba la boila, lile lisilo na mshono la A106 daraja B. Hilo si baya. Lenye kipenyo cha 48.3 na ukuta wa 3.68 linafika karibu Nm 1,280 kabla ya kujikunja, ila ni kilo 4 kwa mita, na mkaguzi wa mashindano halazimiki kulikubali. Kwa gari la kuchezea shambani ningelipokea shingo upande. Kwa gari litakalopelekwa kwenye shindano lililo chini ya Kenya Motor Sports Federation, tafuta kwanza kanuni za daraja lako, zisome, ndipo ununue chuma, na udai cheti cha kiwanda kinachotaja aina ya chuma. Nenda na venia yako, kile kipimio cha kubana cha milimita. Pima kipenyo na ukuta kwenye ncha iliyokatwa safi, kwa sababu "inchi moja na tatu robo" ya muuzaji inaweza kuwa kitu chochote kati ya milimita 42 na 48.

Kati ya 50 kwa 2.0 na 45 kwa 2.5, karatasi inaipa ushindi ya kwanza: ni ngumu zaidi na nyepesi zaidi. Nachagua ya pili. Ukuta wa milimita 2 hukunjamana kirahisi kwenye kona na hutoboka mkono wa fundi ukisita kidogo.

Kiasi: upinde wa upana wa mita 1 na kimo cha sentimita 95 hula kama mita 2.7 za bomba. Mashine ya kupinda inahitaji mahali pa kushika, kwa hiyo hesabu mita 3.3 hadi 3.5. Mabomba huuzwa kwa urefu wa mita 6, na hapa ndipo watu huharibu: wanaagiza likatwe katikati lipate kulala juu ya Probox kwa safari ya kilomita 120 hivi kutoka Mombasa. Vipande viwili vya mita 3 havina kazi kwa upinde. Mwambie akate 3.5 na 2.5. Kile cha 2.5 kitatoa bomba la mshazari na bomba la mikanda. Ongeza mita 6 za 40 kwa 2.0 kwa mihimili ya nyuma na bomba la mbele. Kazi nzima, pamoja na pleti, itakuwa kilo 20 hadi 25.

Kupinda

Mashine ya haidroliki ya mafundi bomba ina viatu vya kupindia vya saizi za mabomba ya maji. Kiatu cha inchi moja na nusu kimechongwa kwa milimita 48.3. Bomba la 45 ndani yake lina nafasi ya kutanuka pembeni, na hutanuka, likatoka limebonyea. Mtindo wa kujaza mchanga, kuziba ncha na kupasha moto mpaka liwe jekundu hutoa kona nzuri za kupendeza, lakini chuma kilichovutwa baridi kimepata sehemu ya nguvu zake kwenye huko kuvutwa, na moto unazifuta. Unataka mashine inayozungusha bomba kuzunguka kiatu cha saizi yake hasa, na nusu kipenyo ya kona isiyopungua mara 3 ya kipenyo cha bomba: kwa bomba la 45, milimita 135 hadi katikati ya bomba.

Kona ikitoka, weka venia. Gawanya kipenyo chembamba kwa kipana; jibu likiwa chini ya 0.9, kona hiyo ni takataka. Milimita 43 kwa 46 ni 0.93, endelea. Milimita 41 kwa 46.5 ni 0.88, na hakuna nyundo itakayoirudisha. Makunyanzi upande wa ndani wa kona nayo ni sababu ya kuanza upya, hata kama venia imeridhika.

Nyayo

Sasa mahali penyewe. Kwa magari ya wazi ya mbio, FIA kwa miaka mingi imetumia hesabu ya nguvu tatu juu ya rolba: mara 1.5 ya uzito kwa upande, mara 5.5 kwa mbele na nyuma, na mara 7.5 kwenda chini. Gari letu la kilo 550 na dereva wa kilo 80 ni kilo 630. Basi ni kilo 945 kwa upande, 3,465 kwa urefu wa gari, na 4,725 kwenda chini. Tani 4.7 zigawanywe kwa nyayo 4? La. Gari halipinduki kwa adabu likatua sawasawa. Hutua kwa kona moja, na mguu mmoja unaweza kupokea zaidi ya nusu.

Tazama chini ya unyayo kuna nini. Chesisi nyingi za aina hii zimeundwa kwa tubu za mraba za milimita 25 kwa 25, ukuta 1.6. Tubu kama hiyo ya chuma cha kawaida, ikiegemezwa kwenye ncha mbili zilizoachana sentimita 40 na kubonyezwa katikati, huanza kujikunja kwa kudumu kwa kilo 280 hivi. Zichomelee ncha zake imara uwezavyo, utapata kilo 560. Na bado utakuta rolba imefungwa hapo hapo katikati ya tubu, kwa kipleti cha milimita 60 kwa 60 na bolti 2. Upinde utabaki mzima kama ulivyotoka dukani, umeshuka tu na tubu yake hadi sakafuni.

Mguu wa upinde lazima utue kwenye fundo, mahali ambapo tubu 3 au zaidi zinakutana, na chini ya fundo hilo pawe na nguzo inayoteremka hadi tubu ya chini ya chesisi. Nguzo ikikosekana, iongeze: bomba la 38 kwa 2.5, lichongwe likae sawa juu na chini, lichomelewe mzunguko mzima. Kisha ongeza kipande cha mshazari kutoka juu ya nguzo hiyo hadi fundo la jirani, kwa sababu nguzo peke yake inabeba wima tu, na zile kilo 3,465 za mbele na nyuma bado zipo.

Juu ya fundo unachomelea pleti ya chesisi. Kipimo cha chini cha FIA ni sentimita za mraba 120 na unene wa milimita 3, yaani 120 kwa 100. Tumia milimita 4 na uikunje iteremke ubavuni mwa tubu ili ishike pande mbili. Unyayo wa upinde wenyewe uwe pleti ya milimita 5, yenye vipembe vitatu vya chuma vinavyoushika mguu. Bolti ni 3 za M8 daraja 8.8 angalau, hapa weka 4 za M10, uzito wake ni mdogo. Mihimili ya nyuma inaruhusiwa nyayo za sentimita za mraba 60 na bolti 2.

Bolti ikipita ndani ya tubu ya mraba, toboa tubu kwa upana zaidi, ingiza kijibomba cha chuma cha kipenyo cha nje 16, kichomelee juu na chini, ndipo bolti ipite ndani yake. Pasipo kijibomba hicho unapokaza unaibonyeza tubu, bolti inalegea, unaikaza tena, mpaka tubu imekuwa bapa. Kaza kwa spana ya kipimo: Nm 25 hivi kwa M8, Nm 49 kwa M10, na nati zenye nailoni.

Na hapa pwani kuna mtego mtamu wa bolti za chuma kisichoshika kutu. Zinang'aa, na ukiishi na upepo wa bahari unaziona kama dawa. Zile za kawaida, A2-70, huanza kunyumbuka kwenye megapaskali 450, za 8.8 kwenye 640. Nunua za 8.8 zilizopakwa zinki, zipake grisi, na uzibadilishe zikianza kuota unga mwekundu. Wala usiruke hadi 12.9 ukidhani umezidisha usalama: bolti ngumu kiasi hicho zikichanganyika na zinki ya kuchovya kwa umeme na chumvi huweza kupasuka ghafla bila kuonya.

Mihimili

Upinde wenye miguu 2 tu huanguka mbele au nyuma. Mihimili 2 ya nyuma iteremke kutoka karibu na kona za juu, imenyooka kabisa, kwa pembe isiyopungua nyuzi 30 kutoka wima. Watu huupinda mhimili ili ukwepe tangi la mafuta. Bomba lililopindwa limeshaanza safari ya kukunjika kabla halijabeba kitu, kwa hiyo sogeza tangi.

Bomba la mshazari ndani ya upinde huzuia upinde mzima kulala ubavu. Magari yetu usukani uko kulia, basi lianze juu kulia, upande wa kichwa cha dereva, liishie chini kushoto. Sehemu ya juu isiachane na kichwa cha mhimili wa nyuma kwa zaidi ya milimita 100, ili nguvu zikutane mahali pamoja.

Gari la wazi likiteleza mbele miguu juu, ardhi inauvuta upinde kwenda nyuma na mihimili ya nyuma inabanwa. Hapo kinachofaa sana ni bomba la mbele: kutoka juu ya upinde, kupita mahali pa abiria, hadi fundo la chesisi karibu na miguu yake. Kiti cha abiria kimekufa, ndiyo. Lakini upinde sasa umeshikwa mbele na nyuma, na mstari wa helmeti una kitu cha kweli cha kuegemea. Lifunge kwa pini nene mbili ili lishuke siku ambayo si ya mbio. Kwa pesa na kilo zinazotumika, sijui nyongeza inayolipa kuliko hii.

Moto na upepo

Kwa kuwa rolba ya gari hili hufungwa kwa bolti, ing'oe nzima ukaichomelee juu ya meza, ambako unaweza kuizungusha na kufikia mzunguko wote wa kila kiungo. Ndani ya gari, nyuma ya bomba huwa hapafikiki, na hapo ndipo weldi hukosekana. Kwenye gari shikiza vidoto vya weldi tu ili umbo lisipotee. Hata kwa vidoto hivyo toa tangi la mafuta, chomoa betri na kompyuta ya injini, na uondoe mikanda. Cheche moja kwenye utepe wake inatosha kuutupa.

Ncha za mabomba zichongwe mdomo wa samaki mpaka mwanga usipite. Pengo la milimita 3 lililojazwa waya si kiungo. Kwa MIG, yaani mashine ya waya na gesi, waya wa 0.8 unatosha, lakini gesi yake haipatani na kusi. Ukichomelea uani mwezi wa Juni, upepo unaipeperusha gesi na weldi inatoka na vitundu kama sifongo, mara nyingine ndani tu, juu ikiwa laini. Ingia ndani ya kuta nne au funga turubali pande zote. Kwa fimbo, acha zile za 6013 za madirisha. Tumia 7018 za milimita 2.5, amperi 70 hadi 100, zilizokaushwa. Pakiti iliyofunguliwa na kuachwa wazi kwenye unyevu wa Malindi imeshanywa maji, na maji hayo huingia kwenye weldi na kuleta nyufa.

Kabla fundi hajagusa upinde, mpe vipande viwili vya mabaki achomelee kiungo cha T. Kikate kwa msumeno katikati, utazame kama weldi imezama. Nusu nyingine ibane kwenye vaisi uipige nyundo mpaka ikunjike. Bomba likikunjika na weldi ikabaki, mkabidhi kazi. Weldi iking'oka kama gamba, mshukuru kwa wakati wake. Na weldi ikishapoa isisagwe kwa grenda ili ipendeze.

Mikanda na kichwa

Rolba bila mikanda ya pointi 5 au 6 ni chuma cha kugongea kichwa. Bomba la mikanda lichomelewe ndani ya upinde, kimo cha mabega au chini kidogo. Mikanda ya mabega ikitoka begani ielekee nyuma karibu sawa na sakafu, ikishuka nyuzi 10 hadi 20. Nyuzi 45 ndio mwisho. Kuifunga sakafuni nyuma ya kiti, kama inavyoonekana kwenye magari mengi, kunaigeuza kuwa kishinikizo cha uti wa mgongo: gari likigonga, mikanda inamvuta dereva kwenda chini badala ya nyuma. Mkanda wa kiunoni ulale juu ya mifupa ya nyonga, usipande tumboni, na ule wa kati ya mapaja uuzuie usipande. Mikanda yenye hati ya FIA hupewa miaka 5, na jua la huku halingoji tarehe. Ikishapauka rangi, muda wake umekwisha. Gari likilala nje, mikanda ifunikwe.

Kila mahali ambapo helmeti inaweza kugusa bomba pavishwe pedi ngumu yenye alama ya SFI 45.1 au FIA 8857-2001. Malindi imejaa ile sponji nyeusi ya mabomba ya eyakondishena, mahoteli yanaitupa kila yanapokarabati, na inafanana na pedi ya rolba kama pacha. Ibonye kwa kidole gumba: ikifika chini mpaka ukahisi chuma, ni ya eyakondishena. Pedi halisi inakataa kidole.

Pedi hizo zimetengenezwa kwa kichwa chenye helmeti. Ukiendesha gari hilo hilo kwenda Watamu Jumapili ukiwa na kofia ya kitambaa, bomba sentimita 15 nyuma ya kisogo chako ni hatari hata kwenye mgongano mdogo, ambao bila bomba ungetoka na shingo ya kuuma tu. Aidha vaa helmeti, aidha kiti kiwe na egemeo la kichwa linalofika kabla ya bomba. Siku za mbio ongeza vizuizi vya mikono: katika gari la wazi linalopinduka, mikono huruka nje yenyewe, mwenyewe upende usipende.

Chumvi

Usitoboe bomba la rolba kufungia kamera, kizimamoto wala kioo, tumia vibano. Tundu moja la skrubu ni mlango wa hewa ya chumvi, na bomba linaliwa kutoka ndani huku rangi ya nje inang'aa. Mkaguzi akitaka tundu la kupimia ukuta, liwe dogo, la milimita 5, kisha lizibwe kwa kizibo cha mpira na silikoni. Rangi iwe nyembamba na nyeupe au kijivu. Rangi ya unga iliyookwa ni nene na inanyumbuka, inaweza kufunika ufa kwa muda mrefu. Nyeupe ya kawaida hukuonyesha mstari wa kutu siku ufa unapoanza, kwa kawaida pembezoni mwa weldi ya unyayo. Piga alama ya rangi kwenye kila nati na bolti yake, ili kulegea kuonekane kwa jicho bila spana.

Upinde uliowahi kupinduka haunyooshwi, hata kama umbo lake linaonekana sawa na chesisi haikuguswa. Ung'oe, na usiuache umeegemea ukuta wa gereji, maana kuna atakayeuokota na kuufunga kwenye bagi. Ukate vipande vya futi moja moja, uwape wanunuzi wa vyuma chakavu.